Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya makadirio ya mavuno ya miti Nyanda za Juu Kusini

Kwa Waheshimiwa Wakuu wenye dhamana ya upimaji wa miti na makadirio ya mavuno,
Nyanda za Juu Kusini, Tanzania.

YAH: MAJEDWALI YA MAVUNO YA MISINDANO YASIYOJULIKANA ASILI WALA KOSA LAKE, NA HASARA INAYOWAPATA WAKULIMA WA MITI

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu za heshima kutoka kwa wakulima wa miti wa Mufindi, Njombe na Kilolo. Mimi ni mpimaji miti. Mashamba ya wengi wao nimeyapima kwa mkono wangu, na wamenituma niandike kwa sababu kinachowaumiza kimejificha ndani ya hesabu, mahali ambapo mtu asiyeizoea kazi hii hawezi kukionyesha kwa urahisi.

Barua hii haikukusudiwa kuwa ya wazi. Tulianza kwa kufika ofisini, tukaelekezwa tuweke hoja zetu kwa maandishi. Tukaandika. Barua zikapokelewa na kugongwa muhuri, na tulipofuatilia tukaambiwa jalada liko kwa mkubwa. Hadi leo hatujapata jibu, si la kukubali wala la kukataa. Jina la ofisi sikuliweka hapa kwa kuwa hatutafuti kumwaibisha mtu, na kwa kuwa tatizo lenyewe limekaa kwenye meza zaidi ya moja.

Tunacholalamikia ni hiki: makadirio ya mbao zilizomo na zitakazokuwamo katika mashamba yetu yanatokana na jedwali ambalo hatujawahi kuonyeshwa limejengwa kwa miti ipi, ilipimwa lini na wapi, na linakosea kwa kiasi gani. Jedwali hilo ndilo linalomwambia mkulima atarajie mita ngapi za ujazo kwa hekta, ndilo linaloambatanishwa kwenye maombi ya mkopo, na ndilo mnunuzi anakuja nalo mkononi anapotaka kununua miti ikiwa bado imesimama. Kwa ushahidi wa mashamba niliyopita, linamuumiza mkulima mara mbili. Anapopanda, linamwahidi kuliko atakachopata. Anapouza, hesabu inayofanywa juu yake inampunja.

Kabla ya kutaja hoja zetu naomba nieleze kwa ufupi kazi hii inavyofanyika, ili wasomaji wengine wa barua hii nao waweze kutupima. Hakuna anayeweza kukata shamba zima ili ajue lina mbao kiasi gani. Kwa hiyo hukatwa miti michache ya unene tofauti, ikapimwa kipande kwa kipande, na kutokana nayo ikatengenezwa kanuni inayounganisha ujazo wa mti na kipenyo chake kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, pamoja na urefu wake. Hatua ya pili ni ya shamba zima. Hapo modeli, yaani hesabu inayoiga ukuaji wa shamba, huhitaji umri wa miti, msongamano wake, na ubora wa ardhi, ambao kwa kawaida husomwa kutokana na urefu wa miti mikubwa, mara nyingi ile 100 iliyo minene zaidi katika kila hekta, inapofika umri fulani uliochaguliwa. Mjerumani Eichhorn alionyesha tangu mwaka 1902 kwamba ukijua urefu wa msitu wa aina moja ya mti umekaribia sana kujua ujazo wake, na sehemu kubwa ya kazi iliyofuata duniani ilijengwa juu ya hoja hiyo.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1977 Denis Alder alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Oxford utafiti wa modeli ya ukuaji wa mashamba ya misindano na misaipresi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1980 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likachapisha mwongozo wake wa kukadiria mavuno, ambao hadi leo unasomwa na wanaojifunza upimaji. Njia zinajulikana. Tunachoomba ni zifuatwe hadi mwisho, maana mwisho wake ni kurudi shambani kupima tena na kulinganisha kilichotabiriwa na kilichoota.

Hoja zetu ni hizi.

1. Asili ya jedwali haijulikani, na mazingira yamebadilika.

Kila jedwali la mavuno ni kumbukumbu ya miti fulani iliyoota katika miaka fulani. Miaka hiyo ikipita, kumbukumbu inabaki kuwa kweli kwa miti ile, lakini hakuna kinachoihakikishia ukweli wake kwa miti ya leo. Afrika Mashariki tunalijua hili kwa uchungu. Msindano wa aina ya Pinus radiata uliachwa baada ya ugonjwa wa madoa ya sindano, Dothistroma, kuushambulia katika miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaingia kidukari wa misindano. Kidukari wa misaipresi alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Tanzania, na kufikia mwaka 1990 alikuwa Kenya. Jedwali lililotungwa kwa vipimo vya kabla ya wadudu hawa linaeleza msitu ambao haupo tena.

Mabadiliko hayaendi upande wa hasara peke yake. Ujerumani ina vipande vya majaribio vinavyopimwa tangu miaka ya 1870, na Hans Pretzsch na wenzake walipovichambua mwaka 2014 walikuta kwamba ujazo wa misitu ya sprusi na ya miti aina ya bichi unaongezeka kwa kasi iliyozidi ile ya mwaka 1960 kwa kati ya asilimia 10 na 30. Wajerumani ndio waliobuni majedwali ya mavuno, na majedwali yao wenyewe yalipitwa na miti. Waligundua kwa sababu hawakuacha kupima. Sisi tunatumia mbegu tofauti na za zamani, mvua zimehama majira yake, mashamba yamepanda hadi kwenye ardhi iliyochoshwa na mahindi, na bado karatasi ni ileile.

2. Jedwali la mashamba makubwa linatumiwa kwa mashamba ya wakulima wadogo.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na naomba mnivumilie niikalie.

Shamba kubwa la misindano linalosimamiwa kitaalamu hupandwa kwa nafasi inayojulikana, hupaliliwa, miti hupogolewa matawi, na hupunguzwa kwa ratiba ili inayobaki inenepe. Nafasi ya mita 3 kwa 3 ina miti 1,111 katika hekta. Mkulima wa kijijini mara nyingi hupanda mita 2 kwa 2, au karibu zaidi kwa kuwa ardhi yake ni ndogo na anaogopa miche kufa, na mita 2 kwa 2 ni miti 2,500. Kupunguza hapunguzi, kwa sababu mti mwembamba hauna mnunuzi na kuukata bila kuuza anaona ni kutupa pesa. Ukiingia katika shamba la namna hiyo likiwa na miaka kumi unakuta kiza mchana: matawi yamekufa hadi juu, mashina yamerefuka yakitafuta jua, na miti iliyokufa imesimama imeegemea mizima.

Takwimu zina maelezo ya hali hiyo. L. H. Reineke wa Marekani alionyesha mwaka 1933 kwamba idadi ya miti inayoweza kuishi pamoja hufungwa na unene wake: kipenyo cha wastani kikiongezeka maradufu, idadi inayowezekana hushuka hadi karibu theluthi moja. Miti isipopunguzwa na binadamu, itapunguzana yenyewe kwa kufa, na hadi ifikie hapo yote imekwishadumaa unene. Afrika Kusini walianza katika miaka ya 1930 majaribio makubwa ya nafasi za upandaji kwa sababu hiyo hasa. Walitaka kujua ukuaji unavyobadilika mti unapobanwa na unapoachiwa.

Sasa chukueni jedwali lililojengwa kwa shamba lililopunguzwa, mlisomee umri na urefu wa shamba la mkulima huyu. Urefu hautawaonya, kwa kuwa miti mikubwa hurefuka karibu sawa hata ikibanana. Jedwali litaona urefu mzuri, litasema ardhi ni nzuri, na litatoa mita za ujazo pamoja na mgawanyo wa unene wa shamba jingine kabisa. Mkulima anapeleka magogo kwenye ding-dong, mashine ndogo ya kuchana mbao, akitarajia mbao za inchi mbili kwa nane na kurudi na mbili kwa nne chache na rundo la mabanzi. Kuna waliokopa kwa kutegemea matarajio hayo. Jumla ya ujazo inaweza hata kukaribia iliyotabiriwa, lakini mbao hazichanwi kutoka kwenye jumla. Zinachanwa kutoka gogo moja moja, na gogo jembamba linaishia kuwa maganda na vumbi. Ndiyo maana modeli inayofaa kwa mkulima lazima itabiri mgawanyo wa vipenyo, miti mingapi iko katika kila daraja la unene. Njia za kufanya hivyo zipo; wapimaji wa Marekani walianza kutumia mgawanyo wa Weibull, kanuni ya takwimu inayoeleza mtawanyiko huo, kwa kazi hii mwaka 1973.

3. Hesabu ya kuuzia ina makosa matatu, na yote matatu yanavuta upande mmoja.

Kwa mwalimu mmoja mstaafu nilionyeshwa karatasi aliyoachiwa na mnunuzi. Ilikuwa na safu tatu: idadi ya miti, kipenyo cha wastani, urefu wa wastani. Chini yake palikuwa na jumla ya ujazo iliyopigwa mstari mara mbili, na maelezo kwamba hesabu imefuata utaratibu wa ofisi. Nilipouliza ofisini kama utaratibu huo ni wao kweli, hakuna aliyeukana.

Kosa la kwanza limo katika neno wastani. Ujazo wa mti haukui sambamba na kipenyo. Unakua na kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Mti wa sentimita 22 una eneo la shina, yaani eneo la duara la shina likikatwa, lililozidi la mti wa sentimita 20 kwa asilimia 21, ingawa tofauti kwenye tepu ni vidole viwili tu. Tuseme nusu ya miti ina kipenyo cha sentimita 15 na nusu ina 25. Wastani ni 20, na 20 mara 20 ni 400. Lakini 15 mara 15 ni 225, na 25 mara 25 ni 625, na wastani wa hizo ni 425. Anayetumia mti wa wastani amekwishamnyima mkulima karibu asilimia 6 ya eneo la mashina kabla hajagusa urefu, na kwa kuwa miti minene ndiyo mirefu pia, upungufu halisi wa ujazo ni mkubwa kuliko huo. Dawa yake ni kukokotoa ujazo wa kila mti kisha kujumlisha, au walau kutumia kipenyo cha mti wenye eneo la shina la wastani.

Kosa la pili ni la mteremko. Mashamba ya Kilolo na Njombe yako milimani. Ploti, yaani kipande kidogo kinachopimwa kwa niaba ya shamba zima, ikiwa ya duara ya hekta 0.04 ina nusu kipenyo cha mita 11.28, lakini mita hizo zinapaswa kuwa za usawa kama ramani inavyosoma. Mpimaji akivuta kamba kufuata mteremko wa nyuzi 20 bila kusahihisha, ploti yake inafunika asilimia 94 tu ya eneo analodhani, na ujazo wa kila hekta unashuka kwa asilimia 6. Wakati huohuo eneo la shamba zima limepimwa kwa GPS, ambayo husoma usawa, kwa hiyo hakuna kinachofidia.

Kosa la tatu ni la kitaalamu zaidi, nami nalieleza kwa kuwa najua ofisini kwenu wapo wanaolielewa. Kanuni nyingi za ujazo hukokotolewa kwa logarithimu, kwa sababu mtawanyiko wa miti minene ni mkubwa kuliko wa myembamba na logarithimu huusawazisha. Ukirudisha jibu kutoka kwenye logarithimu bila kuongeza sahihisho, hupati wastani. Unapata namba iliyo chini ya wastani. Baskerville alieleza sahihisho hilo mwaka 1972. Mtawanyiko wa mabaki, yaani wa tofauti kati ya ujazo uliopimwa na uliokadiriwa, ukiwa 0.3 kwenye kipimo cha logarithimu, sahihisho ni kuzidisha kwa 1.046. Tumeomba kuambiwa kama kanuni inayotumika imesahihishwa, na kama mtawanyiko huo umeandikwa popote.

Kila moja ya makosa haya, likitazamwa peke yake, linaonekana dogo kiasi cha mtu kusema si neno. Yakikutana kwenye shamba moja yanazidishana: 0.941 mara 0.94 mara 0.956 (yaani 1 ikigawanywa kwa 1.046) ni 0.846. Asilimia 15 ya miti ya mkulima imeondoka, na hakuna aliyeiba. Katika shamba lenye mita za ujazo 200, hizo ni mita 30.

4. Makadirio yanatolewa bila kiwango cha uhakika.

Hatujawahi kupewa makadirio yenye kuonyesha yanaweza kukosea kwa kiasi gani. Tunapewa namba moja, wakati mwingine hadi desimali mbili. Ikiwa ujazo hutofautiana kati ya ploti na ploti kwa asilimia 40 ya wastani, jambo ambalo katika mashamba yasiyo na usawa halishangazi, ploti 16 hutoa makadirio yanayoweza kukosea kwa karibu asilimia 20 juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Kulishusha kosa hilo hadi asilimia 10 kunahitaji ploti zipatazo 64. Mkulima anayejua kwamba 200 inaweza kuwa 160 au 240 atajadiliana bei kwa namna nyingine, au atalipia ploti zaidi. Asiyejua atasaini. Benki nayo inastahili kuambiwa.

Hapa inaingia pia suala la umri wa kuvuna. Ukuaji wa mwaka mmoja mmoja hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Wastani wa ukuaji tangu kupanda hufika kilele chake pale mistari ya hivyo viwili inapokutana kwenye mchoro. Kosa dogo katika umbo la mkunjo huo huhamisha mahali inapokutana kwa miaka. Tangu maandishi ya Mjerumani Faustmann mwaka 1849 inajulikana kwamba thamani ya ardhi ya miti hutegemea sana muda wa kusubiri, na mkulima anayelipa ada za shule kwa miti hawezi kuambiwa asubiri kwa sababu ya mkunjo ambao hakuna aliyeuhakiki.

5. Ploti za kudumu zimeachwa.

Ploti ya kudumu ni kipande cha shamba ambacho kila mti una namba na alama ya rangi mahali panapopimwa, na hupimwa tena baada ya miaka michache. Nimezikuta ambazo vibao vyake vimeng'oka na rangi imefutika, na nyingine zimevunwa pamoja na shamba bila vipimo vya mwisho kuchukuliwa. Ploti ya muda hueleza shamba lilivyo leo. Ukuaji hauonekani ndani yake, isipokuwa ukubali kudhani kwamba shamba changa la leo litafuata njia ya shamba kongwe la jirani, na hoja yangu ya kwanza imeonyesha kwa nini dhana hiyo haifai.

Waheshimiwa, tunajua majibu ambayo huenda yakatolewa, kwa kuwa mengine tumekwishaambiwa kwa mdomo.

Litatolewa jibu la bajeti. Nchi hii ilifanya tathmini ya rasilimali za misitu ya Tanzania Bara, NAFORMA, kwa msaada wa Finland na Shirika la Chakula na Kilimo, ikawa na mpango wa ploti zaidi ya 30,000 na kutoa ripoti mwaka 2015. Kutokana nayo tunajua kwamba misitu inafunika hekta milioni 48.1, na kwamba mahitaji ya mwaka ya kuni na mbao yanazidi kiasi kinachoweza kuvunwa bila kuharibu kwa mita za ujazo milioni 19.5. Taifa lililoweza hilo linaweza kurudia ploti za wilaya tatu. Finland yenyewe ilianza tathmini yake ya kwanza mwaka 1921 na haijaacha kurudia. Vifaa ni tepu, kalipa (kifaa cha kubana shina na kusoma kipenyo), kipima urefu na kamba. Programu ya R ya kuchambulia hailipiwi. Na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro hufundisha vijana ambao wanatafuta mahali pa kufanyia kazi hii hasa.

Litatolewa jibu la satelaiti na droni. Tunazipokea kwa mikono miwili, lakini chombo cha angani hakipimi ujazo. Hupima urefu au mng'ao, kisha namba hiyo hugeuzwa kuwa ujazo kwa kanuni iliyofunzwa kwa ploti za ardhini. Chombo cha GEDI, kilichopelekwa na Marekani kwenye kituo cha anga za juu mwishoni mwa mwaka 2018, kilihitaji vipimo vya ardhini kutoka nchi nyingi kabla ya kutoa namba moja ya uzito wa misitu. Ploti zikiwa mbovu, satelaiti itasambaza ubovu huo wilaya nzima.

Huenda pia ikasemwa kwamba modeli inaeleza zaidi ya asilimia 90 ya tofauti kati ya miti, kwa hiyo ni nzuri. Kipimo hicho husema jinsi modeli inavyoifuata miti iliyoijenga. Modeli inaweza kufuata vizuri sana miti yake na kupotoka kwa miti ya jirani, tena kwa upande uleule kila mara. Vilevile, vipimo vya mfululizo vya ploti moja vina undugu. Kuvihesabu kana kwamba kila kimoja kimetoka shamba jingine hufanya uhakika uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Modeli zinazotenganisha athari za ploti na za shamba zipo na zimetumika katika misitu tangu miaka ya 1980.

La mwisho ni kwamba wakulima hawataelewa. Nimekaa nao nikawaeleza habari ya 15, 20 na 25 kwa kuchora duara ardhini, na wameelewa kuliko baadhi yetu tuliosomea.

Kwa hayo yote, kwa heshima kubwa, tunaomba yafuatayo.

Kwanza, mchapishe kanuni na jedwali linalotumika pamoja na asili yake: miti mingapi ilikatwa, wapi, mwaka gani, ya unene kati ya upi na upi, na mtawanyiko wa mabaki ni kiasi gani. Hili halihitaji shilingi. Linahitaji jalada lifunguliwe. Kama kumbukumbu zimepotea, tuambiwe zimepotea, na jedwali lisitishwe kutumika katika mauzo.

Pili, ploti za kudumu zilizobaki zitafutwe, ziwekewe namba upya na kupimwa, na mpya zianzishwe ndani ya mashamba ya wakulima wadogo, zikichaguliwa kwa bahati nasibu katika madaraja ya umri, msongamano na mwinuko, wala si kwa kufuata mahali gari linapofika. Wakulima wako tayari kutoa vipande hivyo na kuvilinda. Majina yao tuliyaambatanisha kwenye barua zetu za awali.

Tatu, hadi modeli mpya itakapokuwa tayari, miti inayouzwa ikiwa imesimama ipimwe yenyewe: kila mti kwa kipenyo chake, sampuli ya urefu katika kila daraja la unene, mteremko usahihishwe, na makadirio yaandikwe pamoja na kosa lake. Mkulima apewe nakala ya fomu ya shambani kabla ya kusaini chochote.

Nne, modeli mpya ihakikiwe kwa miti ambayo haikutumika kuijenga, na uhakiki huo ufanywe na watu wasio wa ofisi iliyoijenga, wawakilishi wa wakulima wakiwepo. Miti ikikatwa na mashine ikichana, mbao zihesabiwe mbele ya wote na zilinganishwe na makadirio.

Tunaomba jibu la maandishi kwa kila ombi kati ya haya manne, likieleza ni lipi limekubaliwa, litaanza lini na chini ya afisa gani, na lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Fomu zangu za shambani, pamoja na hesabu zote zilizotajwa hapa, ziko tayari kukaguliwa na mtaalamu yeyote mtakayemtuma, na nitafuatana naye hadi kwenye mashamba yenyewe siku atakayoipanga.

Nawatakia kazi njema.

Wenu katika utumishi wa misitu,

Mpimaji miti,
kwa niaba ya wakulima wa miti wa Mufindi, Njombe na Kilolo.

Nakala: Viongozi wa vikundi vya wakulima wa miti, maofisa misitu wa wilaya husika.